Nimpeleke Wodini Binti wa Marehemu Kaka Yangu?

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana akili yangu imegota. Mimi ni mwalimu wa wauguzi, na tangu ugonjwa huu uingie hospitali iliwafungia wanafunzi mlango, tukawa tunafundisha kwa simu, huyu anachoma sindano kwenye sponji la vyombo, yule anampima mama yake presha sebuleni, tukajipa moyo kwamba nusu shari kuliko shari kamili, sasa wauguzi wenyewe wameugua, wengine tumewazika, na hospitali inataka wanafunzi wa mwaka wa mwisho waingie wodini Jumatatu hiyo, na miongoni mwao yumo binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu hajaota meno. Juzi niliwavalisha mavazi ya kujikinga, nikawapaka unga wa chaki kwenye glavu, nikawaambia wauhesabu kuwa ndio ugonjwa wenyewe, kisha wavue bila kujigusa. Binti yangu alivua vizuri mpaka akafika kwenye barakoa, akaivuta kwa mbele badala ya kushika kamba za nyuma, na alipogeuka shavu lote lilikuwa jeupe hadi pembeni mwa mdomo. Baadaye alinifuata akaniambia, "Shangazi, usinitoe. Wenzangu watasema nimebebwa." Mama yangu naye ameapa kwamba nikimpeleka nisikanyage kwake, na mimi nimeshafikiria kumwambia mkuu wa chuo kuwa mtoto ana pumu, na hana. Usingizi umeniruka, nifanye nini?

Mwalimu mwenye hofu

Mwalimu, pole. Hofu yako si ya kijinga. Anayesema haogopi ugonjwa huu hajauona. Lakini hiyo pumu ya kutunga iache. Ukimtoa wako kwa uongo, kwenye nafasi yake ataingia mtoto wa mwenzio, naye ana shangazi. Na wewe uliyeiona chaki usoni, unangoja nini kusema kwamba bado hajawa tayari? Huo si upendeleo, ndiyo kazi yako. Warudishe wote kwenye mazoezi, wavae na kuvua mpaka mikono ijue yenyewe. Atakayejigusa haingii, awe wako awe wa jirani. Wako akiweza, aingie, nawe ujikaze.

Mama usimkimbie. Nenda kwake leo, umweleze taratibu, akulaumu mpaka achoke. Amezika mwana, usimdai ujasiri. Waombe wakubwa wa hospitali wanafunzi waanze na wodi isiyo na wagonjwa wa ugonjwa huu, na wapewe pa kulala mbali na nyumbani. Siku ya kwanza ingia nao mwenyewe. Mkikuta glavu hazitoshi, usimwombe mtu radhi: geuka, urudi nao wote, siyo wako peke yake.