Maziwa ya Hawatho Yalipokataliwa Mpakani

Minjila,
S.L.P. 27,
Garsen.
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Abdikarim,

Assalamu alaikum. Hujambo huko Maskati? Mgongo umepona, au bado unabeba masanduku ya watu na kutuambia ulilala vibaya? Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Mama anakwenda zizini mwenyewe na fimbo hataki. Majani yameota, na ng'ombe wako mwekundu, yule aliyepona ukame, amezaa ndama jike.

Kwa simu nilikuambia tu kwamba tumerudi salama. Mengine nimeyaweka kwenye karatasi hii, na Guyo anayerudi huko wiki ijayo atakuletea.

Kwanza nakushukuru wewe. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, wewe ukamng'ang'ania Mama mpaka akakubali kwenda Moshi kumwona mdogo wake Hawatho. Kisa chao unakijua. Kwetu anayeolewa au kusafiri mbali hunyweshwa maziwa na mkubwa wake kabla ya kutoka bomani. Mama hakumtaka yule mfanyabiashara wa ng'ombe wa Tanzania aliyemposa Hawatho, basi siku ya kuagana akaingia ndani na kibuyu chake, hakutoka. Mama mdogo akaondoka na kinywa kikavu. Miaka thelathini na miwili hawakuonana.

Kwa hiyo safari hii Mama alibeba maziwa ya ng'ombe wako. Aliyagandisha kwenye kibuyu kilichofukizwa vizuri, akakipakata kuanzia hapa Minjila. Kwenye buti ya gari alikataa kabisa. Habari ya mpaka hakuna aliyeifikiria, hata mimi. Kwetu maziwa huenda popote mtu anapokwenda.

Dereva alikuwa Jairus, yule Mpokomo wa Chara uliyesoma naye. Mungu ampe umri mrefu. Ni Mkristo, lakini kila msikiti Mama alioutaka alisimamisha gari: Mambrui, Mariakani, Voi. Mama akiingia kuswali, yeye anabaki nje na kibuyu mapajani kama mwenye mtoto mchanga. Dua ya Mama ilikuwa moja kote, Hawatho asiyakatae. Jairus naye aliomba kitu kimoja tu, akaone maporomoko ya maji, maana maji aliyoyajua yeye ni ya Tana, ambayo hayaporomoki, hutandaa tu mpaka yakuingilie nyumbani.

Tulipita Taveta tukafika kituo cha mpaka. Binti mmoja wa ukaguzi akafungua kibuyu, akanusa, akasema kwa adabu kwamba maziwa yasiyo na kibali hayavuki, itabidi yamwagwe.

Mama hakupandisha sauti. Alisema, “Mwanangu, maziwa hayamwagwi chini. Kama hayapiti, hata mimi sipiti.” Akaketi kwenye benchi. Nje ya lango, upande wa pili, mama mdogo alikuwa amesimama akitungoja, tunamwona. Nilitaka kulia kwa hasira, na hasira ilikuwa juu yangu, mwalimu mzima nisiyeuliza sheria za safari.

Jairus ndiye aliyeuliza kama ni makosa maziwa kunywewa hapo hapo. Binti akafikiri, akasema hayo si makosa. Kisha akatoka mwenyewe kwenda kumwita mama mdogo. Jina la binti huyo sikulishika, lakini namwombea kila siku.

Mama alimimina kwenye kifuniko, akamnyoshea. “Hawatho, haya ni yako ya siku ile. Nilikukosea.”

Mama mdogo akapokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo. “Nilijua utayaleta, dada. Ila umekawia kidogo.”

Walicheka huku wakilia, nasi tukawafuata. Kilichobaki tulikinywa sote, Jairus mara mbili. Hivyo maziwa yalivuka, yakiwa tumboni.

Kesho yake tulikwenda wote kwenye maporomoko kule Marangu. Jairus alisimama karibu mpaka shati likalowa chapachapa. Mama aliyatazama sana, halafu akauliza ni ng'ombe wa nani wanaokunywa maji yote yale, na kama watu wa kwetu Bangale, kule kukavu, wana habari. Kwenye ngazi za kushukia majini, mama mdogo hakumwachia Mama mkono. Sijui nishukuru vipi kwa kuliona hilo.

Kibuyu kimebaki Moshi. Mama mdogo atakileta mwenyewe baada ya Ramadhani.

Mume wangu Molu anakusalimu, na watoto, na Jairus, anayesimulia maporomoko hayo Chara nzima.

Jambo moja bado. Nawe uliondoka alfajiri ile bila kunywa, kwa yale maneno mliyorushiana na Mama. Mama hajawahi kulitaja. Jana nilimkuta anafukiza kibuyu kipya, nikamuuliza ni cha nani. Akasema ni cha mwenye ng'ombe mwekundu, na kwamba mara hii hangoji miaka thelathini.

Basi njoo, ndugu yangu. Allah akulinde na akufungulie njia ya nyumbani.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,
Bishara Wario