Simu Katika Sahani ya Mahari

Mai Chenjerai, nimefedheheka! Leo, mbele ya ukoo mzima, mshenga wa mchumba wa mjukuu wangu Ropafadzo ameweka simu ndani ya sahani ya mahari. Simu!

Akaniambia, "Gogo, bibi yetu, hizi ni pesa za simu zilizodhaminiwa kwa dhahabu."

Nikamwambia, "Basi nimegee kipande cha dhahabu hiyo. Huwezi? Nenda sokoni Mbare ukazibadilishe ziwe dola, ndipo uje kupiga magoti mbele yangu."

Akalalama, "Wale wabadilishaji watatukata nusu, Gogo!"

"Na wawakate! Mwanamume anayelia hasara kabla ya ndoa hastahili mke."

Hapo Ropafadzo akapaza sauti kutoka chumbani: "Gogo, pokea hivyo hivyo! Watakayoikata ni akiba yangu mimi!"

Akiba yake, Mai Chenjerai! Mjukuu wangu anajilipia mahari mwenyewe!