Joka lisiloweza kukataa

Jumapili jioni, Desemba ndiyo inaanza. Mvua za vuli zimegoma kuondoka. Mlima Meru sijauona tangu juzi, umejifunika wingu lake, na chumba changu hapa Kaloleni, Arusha, kinanuka nguo ambazo hazijakauka vizuri. Mimi ni mzima. Nina aibu, lakini ni mzima.

Wanaonisoma mara kwa mara wanazijua Jumamosi zangu. Kwa mgeni: tuko wanne, tunazunguka meza, tunarusha dadu na kusimulia hadithi ambayo hakuna anayejua itaishia wapi. Mimi ndiye msimulizi. Natunga nchi, maadui na viumbe, wenzangu kila mmoja ana mhusika wake na ndiye anayeamua afanye nini. Zuhura ni fundi cherehani, kwenye hadithi ni mganga. Waliobaki ni ndugu wa tumbo moja, Wachaga wa Machame: Elirehema, tunayemwita Eli, anayeuza vipuri vya pikipiki Ngarenaro, na mdogo wake Gody, mwalimu wa kompyuta, ambaye kwenye hadithi ni mpiga upinde.

Tangu katikati ya mwaka nimekuwa nikiunda jamii ya majoka. Nayaita Majoka ya Majivu. Yanaishi ndani ya kreta ya Meru, rangi yake ni ya majivu ya kule juu, na moja likikunjua mabawa kivuli chake kinatoka kwetu Olmotonyi mpaka stendi ya mjini. Hayatemi moto. Yanatema ukungu, na ukungu huo ukikugusa kidonda kinafunga, ukigusa shamba mahindi yaliyonyauka yanasimama. Hayadanganyiki, na hakuna mkuki unaopenya ngozi yake. Tena ni mema. Hilo niliamua kabla ya mengine yote.

Nilipomweleza mama aliacha kuchambua maharage. "Joka jema?" akauliza. Kanisani kwetu joka ni moja tu, na habari zake si nzuri. Nikamwambia huu ni mchezo, mama. Akasema haya, akaendelea na maharage yake.

Kumbe shida ya joka jema lenye nguvu zote si dini. Shida ni kwamba linaua mchezo. Wachezaji wakibanwa kidogo tu wanaliita. Zuhura aliniambia, "Nai, hili joka lako ni mjomba mwenye gari. Mgonjwa? Mwite mjomba. Harusi? Mwite mjomba." Nilikasirika kwa sababu alisema kweli.

Kwa hiyo nikayafunga kwa sheria moja. Niliandika: mtu yeyote akilijia joka na jani la isale, joka haliwezi kumkataa, hata kama amelikosea namna gani. Nguvu zote zile, halafu zinazuiliwa na jani. Nilijiona nina akili sana.

Isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani ambao Wachaga hupanda mipakani. Jani lake ndilo la kuombea msamaha. Mimi ni Muarusha. Kwetu mtu akitaka amani hushika nyasi mkononi, na utotoni tulipopigana machungani tuling'oa nyasi tukazishika, ugomvi ukaisha, tukaendelea na ng'ombe. Nikadhani isale ni hivyo hivyo, ila inapendeza zaidi mezani.

Sasa, hao ndugu wawili.

Baba yao aliacha kihamba, yaani shamba la ukoo, na kati ya sehemu ya Eli na ya Gody alipanda mpaka wa masale, ndiyo isale zikiwa nyingi, kwa mkono wake. Mwaka huu Gody alikuwa anajenga. Akang'oa masale ili lori la matofali lipite, akasema atayarudisha. Hakuyarudisha, na hakuomba. Tangu siku hiyo Eli hamsemeshi. Wanakuja kwangu kila Jumamosi, wanakaa meza moja, na kama Eli anataka sukari ananiambia mimi nimwambie mpiga upinde asogeze sukari. Kuna siku Zuhura alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua habari ya Krismasi. Wachaga Desemba wanarudi nyumbani, hilo halina mjadala, na Eli alikuwa amesema kama Gody yupo yeye hakanyagi. Mama yao alipopata habari alijibu kwamba kama watakuja nusunusu, basi wasije kabisa, mbuzi wa Krismasi atabaki zizini na mlango utafungwa.

Mama mjane, Krismasi, mlango umefungwa. Nilishindwa kulala na hilo.

Mwezi uliopita mhusika wa Eli alitumbukia korongoni akafa, dadu zilimkataa. Nikaona kabisa anatafuta sababu ya kutuaga. Ili abaki nikampa joka. Nikamwambia kuanzia sasa wewe ndiye Koko, joka kongwe la kreta. Koko kwa Kimaa ni bibi. Akakubali, na nikiri kwamba analicheza vizuri kuliko mimi: haongei sana, anasikiliza, halafu anasema neno moja na meza nzima inatulia.

Wiki iliyofuata mpiga upinde wa Gody, akitafuta njia ya mkato, akakanyaga yai la joka likapasuka. Gody ni mtu wa njia za mkato hata kwenye hadithi. Adhabu ya kosa hilo ni kifo, na njia ya kuponea ni moja, ile niliyoiandika mwenyewe.

Sikuyapanga yote hayo. Lakini nilipoona yanakoelekea sikuyazuia, na jana mchana, kabla hawajafika, nikatoka nje nikakata jani la isale kwenye ua wa mama Anna, mwenye nyumba wetu. Nikaliweka mezani katikati ya dadu na bakuli la bisi.

Kama ningechora jani kwenye karatasi, naamini tungecheza tukamaliza.

Zamu ya Gody ilipofika alilitazama lile jani. Alitakiwa kusema tu, "Mpiga upinde anatoa isale." Badala yake akasimama. Akalishika kwa mikono miwili, akamgeukia Eli. Hakutaja joka wala upinde.

"Kaka, nimekosa," akasema.

Zuhura akaacha kutafuna. Kwenye uwanja wa jirani kulikuwa na mechi, watu wakapiga kelele za goli.

Eli hakumtazama. Alinitazama mimi. "Nai, hii umeikata wapi?"

"Kwenye ua wa mama Anna."

"Uliomba?"

Nikasema hapana.

"Isale haichezewi," akasema, taratibu kabisa. "Umeandika joka haliwezi kukataa. Mimi si joka." Akachukua koti lake akaondoka, na mvua ilikuwa inanyesha.

Gody alibaki amesimama na jani lake. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya watu, na nilikuwa nimemtega kaka yake kwa kitu ambacho kwao si cha mezani. Zuhura ndiye aliyekusanya dadu na kumpa Gody chai. Mimi nilikuwa sifai.

Walipoondoka nikaenda kugonga kwa mama Anna, maana swali la Eli halikuniacha. Mama Anna ni wa Machame vilevile, na ana hasira za karibu. Nikamwamkia, nikakiri jani. Akanisema kwanza kuhusu ua, alinisema vizuri tu, halafu akataka kujua jani nililifanyia nini. Nikamweleza yote, hata joka.

"Huyo mkubwa alikataa?"

"Aliondoka, mama."

"Nimekuuliza, alikataa?"

Nikafikiri. Nikamwambia hapana, hakukataa. Hakusema sipokei.

Hapo ndipo akanielewesha. Aliyekosa hajipelekei isale mwenyewe kama anapeleka chumvi. Anatafuta mtu mzima wa kuheshimika, anakwenda naye mpaka kwa aliyekosewa. Na isale ikifika namna hiyo, kuikataa ni kujitafutia balaa. "Kijana ametoka nje mvuani ili asiikatae," akasema mama Anna. "Wewe unaona amekasirika. Mimi naona anangoja iletwe vizuri." Kisha akaniambia nimpigie Gody simu, aje kesho baada ya ibada, na avae shati la maana.

Leo Gody amekuja na shati lililopigwa pasi. Mama Anna akakata isale mwenyewe, akajifunga kitenge, akabeba mwavuli, wakashika njia ya Ngarenaro kwa Eli, kwa miguu. Mimi sikualikwa. Nilifunga mlango nikakaa na majoka yangu.

Nimeyasoma upya yote, mabawa, ukungu, kreta. Nikafika kwenye ile sheria, nikaona kosa lake. Joka ambalo haliwezi kukataa halina wema wowote. Limefungwa kamba tu, na yeyote mwenye jani analivuta anakotaka. Jana nilitaka kumvuta Eli hivyohivyo, na akanikatalia kwa haki. Nimefuta "haliwezi kumkataa". Nimeandika "linaweza kumkataa". Neno limebadilika kidogo, lakini kuanzia leo nayaogopa majoka haya na nayapenda zaidi. Zuhura hataliita tena mjomba.

Saa za kuwasha taa nikasikia geti. Nikachungulia. Mama Anna alikuwa peke yake, mwavuli mkono mmoja, na mkono mwingine mtupu. Jani hakurudi nalo.

Nikatoka mbio bila viatu. Nikamwamkia tena, nikamuuliza imekuwaje.

"Ameipokea," akasema, huku anakung'uta mwavuli.

"Halafu?"

"Halafu akamuuliza mdogo wake kama amekula."

Akapita zake ndani. Nikabaki kwenye tope nimesimama, nalia na kucheka, jirani akaniuliza kama nimefiwa.

Sijui kama Eli atarudi Jumamosi, hilo analijua mwenyewe, na nafasi ya Koko nitamtunzia hata asiporudi. Ninachokijua ni kwamba mbuzi wa Machame hana maisha marefu, na kwamba isale ukilichomeka tawi lake kwenye udongo wa mvua linashika. Kesho asubuhi naenda kwenye ua wa mama Anna kuchomeka tawi pale nilipokata. Safari hii nitaomba kwanza.