Mlango wa Mbele

Taplelei dada yangu, chamgei! Magoti yaendeleaje?

Niko Kericho, kwa ile nyumba ya meneja tuliyekuwa tukimchumia majani chai. Sasa ni hosteli ya wanafunzi wa kila nchi, na mjukuu wangu Chebet anaishi humo. Miguu yangu ilizoea vibaya, ikanipeleka mlango wa jikoni. Chebet akapiga kelele, "Gogo, hapana! Pita mbele!"

Msichana wa Japani akanifungulia. Maziwa yangu ya mursik, yale machachu ya kibuyu, wanafunzi wote wameyanywa, hata yule aliyekunja uso. Wakaniuliza nyumba hii ilikuwaje zamani. Nikawaambia yote, nimekaa kwa veranda tuliyokatazwa kukanyaga.

Na wewe umebaki Sigor eti hapa si pa watu kama sisi. Acha ujinga, kuja! Mungu akutunzie hayo magoti, maana mlango wa mbele una ngazi.

Dada yako,
Tabutany