Kadi Yenye Kona Iliyong'atwa

Dada Neema,

Nimeiharibu albamu yako ya kadi. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka mbuyu.

Tulikuzika, tukamaliza arobaini, nikapanda ndege kurudi Guangzhou kufunga chumba chako. Pale jengo la Tianxiu watu wananipa pole kwenye lifti, nami naitikia "nimeshapoa" huku natazama namba za ghorofa. Sijalia. Makaburini nilishika chepe, nikafukia, nikanawa mikono, nikala. Watu wakasema Yohana amejikaza. Sikujikaza, dada. Hapakuwa na kitu cha kukaza.

Mama aliniagiza kitu kimoja tu. Nguo zako nigawe, sufuria nigawe, ila "niletee kile kitabu chake cha kadi. Kama kilivyo." Alirudia mara mbili hilo neno, kama kilivyo, na mimi nikaitikia ndiyo mama.

Sasa sikia nilichofanya. Jumamosi asubuhi nilikaa kitandani kwako nikaifungua. Wale Wamarekani wako wa besiboli na kofia zao, wameshika rungu, wengine wameinama kama wanatafuta sindano iliyodondoka. Mikono yangu ilikuwa inataka kazi. Unajua tulivyozoea kule soko la mikoba la Shiling, mikoba inamwagwa sakafuni, nyeusi huku, nyekundu kule, ndipo tufunge mzigo. Basi nikazitoa kadi zote kwenye vifuko vyake vya plastiki, moja moja, nikazipanga kwa rangi za jezi. Kila rangi nikaifunga na mpira. Nikaona nimefanya kazi safi. Hata chai nikanywa.

Mchana nikazipeleka kwa laoban Liang, yule mzee wako mwenye duka la stempu, sarafu na kadi za zamani, nimwombe albamu mpya maana yako ilikuwa imechanika mgongo. Akayaona yale marundo. Akavua miwani. "Pengyou, weishenme?" Rafiki, kwa nini? Kichina changu ni cha sokoni, cha bei na rangi na meiyou, yaani hakuna, lakini siku ile nilimwelewa kila neno, na natamani nisingemwelewa.

Alisema hukuwahi kununua kadi mbili siku moja. Ulikuwa unakwenda kwake kila kontena letu likishaondoka bandarini Nansha. Unachagua moja, unaitia kwenye kifuko kinachofuata, unaaga. Nyuma ya kadi hukuandika kitu, kwa sababu yeye mwenyewe alikufundisha kwamba wino unaiua kadi. Kwa hiyo ule mpangilio ndio ulikuwa maandishi yako. Kurasa za mwanzo tu, zile ulizokuja nazo kutoka Mwanza, ndizo hakujua zimepangwaje.

Hizo mimi nilizijua zilikotoka. Soko la Mlango Mmoja, kibanda chako cha mitumba, na ile tabia yako ya kupekua mifuko kabla nguo haijatundikwa. Wenzako walipekua wakitafuta dola. Wewe ukikuta kadi kwenye koti la mtoto, siku hiyo hata mteja msumbufu ulimpunguzia. Nilikutania sana. Unakusanya wachezaji wa mchezo usioujua hata unaanzaje, kama mtu anayepiga vigelegele kwenye harusi asiyoalikwa. Ukanijibu huku unakunja sweta: "Mimi hawa wenye rungu siwajui. Namuwaza mtoto aliyeisahau mfukoni. Ameitafuta huyo, Yohana, mpaka uvunguni." Nilicheka, nikaenda zangu.

Laoban Liang anasema wateja wake wengine wananunua kwa kungoja bei ipande. Wengine, watu wazima kabisa na mvi zao, wanatafuta kadi waliyonyang'anywa shuleni. Anasema wewe hakukuelewa kamwe, maana hukuuliza hata siku moja mchezaji ni nani.

Nilijaribu kuzirudisha. Nilipekua simu yako labda ulizipiga picha, meiyou. Nilikaa nazo sakafuni siku tatu, naweka hii kabla ya ile, nazitoa, naweka tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Kilichoniogopesha ni kwamba hata hapo sikusikia uchungu. Nilijua nimefuta maisha yako kwa mikono yangu miwili, nikawa nawaza tu kwamba sakafu ni baridi.

Jana nikarudi kwa mzee. Akasema, akijitahidi kukumbuka, kwamba kadi moja anaijua mahali pake. Ya kwanza kabisa, kifuko cha kwanza, ukurasa wa kwanza: kadi yenye kona mbovu. Alikusihi mara nyingi uitoe. Kwa wakusanyaji kona ndiyo kila kitu, na kadi mbovu mbele inaishusha hadhi albamu nzima. Ulikataa. Ulimwambia hiyo si yako, ni ya mtu, unamtunzia.

Nikaitafuta palepale kwenye kaunta yake. Ilikuwa kwenye rundo la jezi nyekundu, chini kabisa. Kona haikuchakaa, dada. Imeng'atwa. Meno madogo, manne.

Nilikuwa darasa la pili. Nimekaa juu ya robota kibandani kwako, napekua koti la jinzi ili na mimi nionekane nafanya kazi. Nikaikuta kadi, inanukia bigijii. Nikadhani ndiyo bigijii yenyewe, ya Marekani, nikang'ata. Kisha nikaona uso wa yule mtu na nikajua nimeharibu kitu chako, nikaanza kulia nikingoja kofi. Wewe ukaifuta mate kwa pindo la kanga. "Basi hii ni yako. Nitakutunzia." Nikaenda kucheza. Sikuiulizia tena. Miaka yote hiyo, ofisi moja, chungu kimoja, sikuiulizia.

Niliitia mdomoni mbele ya mzee wa watu. Hainukii tena, na meno yangu ya sasa hayaingii kwenye zile alama. Laoban Liang akageuka, akajifanya anapanga stempu. Nikalia kidogo. Leo sijalia tena, lakini jana nililia, nataka ujue.

Keshokutwa nasafiri. Albamu ni ileile yako ya mgongo uliochanika. Kwenye kifuko cha kwanza ipo ya kwangu. Nyingine zote ziko kwenye boksi la viatu, na mipira nimeitoa. Mama nitamwambia ukweli kabla hajaifunua. Labda yeye anaikumbuka moja, labda yule mama wa kibanda cha jirani yako pale Mlango Mmoja anaikumbuka nyingine. Tutakayoikumbuka itarudi mahali pake. Tusiyoijua itakaa kwenye boksi na kifuko chake kitabaki wazi, sitamdanganya mtu.

Na ile ya mwisho pia ipo. Kontena lako la mwisho liliondoka Nansha wiki uliyozidiwa, na hukuwahi kwenda kwa mzee. Nimekwenda mimi. Nimechagua moja, nimeitia kwenye kifuko baada ya vyote. Sikuuliza mchezaji ni nani.

Lala, dada. Ya kwangu ulinitunzia. Zako nitakutunzia mimi.

Mdogo wako,
Yohana