Chanjo ya Ng'ombe wa Oldonyiro

Gichunge, soma hii na usicheke. Nesi Karambu amenianika mbele ya mama.

Unakumbuka mzaha wangu? Nilimwambia Akidor kwamba chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ni mabaki ya ile waliyodungwa ng'ombe kule Oldonyiro. Dada yangu huyo, miaka kumi na miwili tu, akaipeleka habari shuleni. Leo wasichana kumi na saba wamekataa sindano.

Nesi akaja na kisanduku chake cha barafu mpaka nyumbani. Chai alikataa. "Wewe ndiye daktari wa ng'ombe?"

Nikajifanya mcheshi. "Hicho kinacholeta saratani ni kirusi kidogo tu, nesi."

Kidogo tu. Heri ningemeza ulimi.

"Kila seli ina breki," akasema. "Inajua wakati wa kugawanyika na wakati wa kuacha. Kirusi hiki kikikaa ndani yake miaka mingi, kinaharibu breki. Seli moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, na hakuna wa kuziambia basi. Muulize mama yako dada yake alikufaje."

Mama alienda kusimama jikoni, Gichunge.

Huyo nesi simpendi, na sitampenda. Lakini nilimwita Akidor pale pale, nikakiri kwa heshima zote kwamba nilidanganya, chanjo ni ya watu, adungwe.

Akaniangalia juu hadi chini.

"Hata siku ile uliponiambia ya ng'ombe ulikuwa na uso huo huo," akasema. "Sidungwi."