Kifurushi Namba Saba

3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Salamu tele, hadi bahasha imevimba. Vipi afya, vipi goti, na ile cherehani bado inakohoa? Mimi mzima wa miguu na mikono. Yaliyobaki nakuambia wewe peke yako, na ukimaliza kusoma ficha barua chini ya vitambaa.

Unajua mimi ni nani hapa kiwandani. Shule niliishia darasa la sita, lakini wenye digrii zao wananiita Pua. Nimeonja kahawa na wanunuzi wa nchi kumi na moja, mmoja akanivulia kofia. Navuta kijiko kimoja tu, nakuambia gunia lililala kwenye unyevu siku ngapi. Sijisifu, nakupa habari.

Sasa Dada, pua imekufa. Yale mafua ya mwezi jana yaliondoka nayo. Leo siku ya ishirini na tatu. Kahawa kwangu ni maji ya moto yenye rangi. Kitunguu, sabuni, soksi zangu (na hizo unazijua), vyote sawa tu. Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi, akaniandikia vidonge kama mtu anayetimiza adabu. Meneja akijua, nimekwisha. Cheti sina, kazi nyingine siijui. Mtaji wangu ulikuwa huu ulio katikati ya uso.

Nakutumia vifurushi vinne vya buni mbichi, kila kimoja na namba yake. Kwanza nusa ikiwa mbichi. Halafu kaanga kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, ukikoroga bila kuchoka. Itapasuka pa, pa, pa; ikitulia tu, epua, ipepee, iache mpaka kesho. Saga iwe chenga kama sukari, usiifanye vumbi. Weka vijiko viwili kwenye kikombe. Maji yakichemka yaepue, hesabu mpaka thelathini, ndiyo umimine, na usikoroge! Ngoja dakika nne. Kisha vunja ule utando wa juu kwa kijiko, pua yako ikiwa hapo hapo. Hiyo ndiyo sekunde ya kazi. Ikipoa kidogo, vuta kijiko kwa kelele, fyuuu, kama mtu asiyelelewa. Niandikie unachosikia. Maneno makubwa usiyatafute, hayo ninayo mimi.

Usinipigie simu ya kiwandani. Inakaa mezani kwa meneja.

Mdogo wako

10 Machi

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Goti linauma, cherehani inakohoa, mengine salama. Nilicheka mpaka nikafika hapo kwenye siku ya ishirini na tatu, nikakaa chini. Siku zote hizo hukuniambia, mjinga wewe?

Haya. Kikaango kimoja nimekiunguza, jirani akaja kuuliza nachoma nini. Na hiyo fyuuu yako imeniaibisha. Mteja aliyekuja kupimwa sketi aliniuliza kama nina pumu.

Namba moja inanuka ganda la chungwa, na ulimini ni kali, lakini kali ya kupendeza. Namba mbili, mkate umetoka kuokwa. Hiyo ningeinywa kila siku. Namba tatu ni kabati la shangazi, lile la nguo za zamani. Namba nne haina neno, kama mtu aliyealikwa harusini na hamjui bwana wala bibi.

Ndivyo nilivyosikia. Kama huamini, njoo unuse mwenyewe. Nisamehe, limenitoka.

Dada yako

18 Machi

Dada wa dhahabu,

Hujambo, goti halijambo? Nakuandikia nikiwa na shati jipya, maana mdogo wako amesifiwa!

Lile kabati la shangazi mimi nililiandika hivi: "harufu ya kuvu, ghala halipitishi hewa." Meneja akatuma mtu kukagua, akakuta paa linavuja miezi mitatu. Akanipiga bega mbele ya watu wote. Dada, ungezaliwa mwanaume kiwandani wangekujengea sanamu. Au ungezaliwa mimi.

Nakutumia vingine vinne, namba tano mpaka nane, pamoja na kisagio cha mkono. Kile kinu chako kimetwanga iliki miaka kumi, kitakudanganya. Kuna na jagi la kioo lenye kichujio cha kusukuma. Hilo si la kazi, ni zawadi yako: saga chenga kubwa zaidi, mimina maji, ngoja, sukuma taratibu. Ukisukuma kwa hasira litakurukia.

Sasa nikwambie lisilochekesha. Juzi nimeacha gesi wazi nyumbani asubuhi nzima. Mkaangaji wetu ndiye aliyepita, akaikimbilia kuifunga. Unamjua kwa habari, yule mzee aliyenishika mkono nilipoingia hapa nikifagia. Miaka ishirini na mbili yuko mbele ya tanuri. Akaniangalia, akasema, "Pua, leo umechoka?" Nikamwambia nilikuwa nampima kama yuko macho. Akacheka peke yake.

Nikiamka, kitu cha kwanza nanusa mto. Hakuna. Nanusa mkono wangu. Hakuna. Kama vile sipo.

Fanya haraka, Dada. Ripoti inatakiwa tarehe ishirini na nane.

Mdogo wako

27 Machi

Mdogo wangu,

Salamu, na unisamehe. Mafua yamenikamata na mimi, siku sita pua imeziba kama chupa. Nikafikiri nikuandikie chochote, nikaona nitakuharibia. Juzi ndiyo imefunguka, jana nikakaanga, na leo barua hii naipeleka posta na uzi bado shingoni.

Tano ina ndimu. Sita ni karanga. Nane ina uchungu wa majivu, labda niliikaanga kupita kiasi. Lakini saba usiiguse! Nilipofungua karatasi tu, ikiwa mbichi, haijaona moto, ilinuka mafuta ya taa. Nikanawa mikono, nikarudia. Nikamwita jirani, naye akasema mafuta ya taa. Nilipoikaanga ikazidi, tukafungua madirisha. Hata kwenye kikombe kulikuwa na mafuta ya taa matupu.

Jagi ni zuri. Nilisukuma kwa hasira.

Dada yako

28 Machi

Dada,

Salamu za haraka. Barua yako haijafika, na nimekwenda posta mara nne mpaka karani ananionea huruma. Meneja amesimama mlangoni, magunia yanangoja kuingia kwenye tanuri, na mkaangaji ameshapasha moto.

Nimeziangalia kwa macho. Nimezisugua, nimezitikisa sikioni, nimeziuma. Saba ndiyo nzuri kuliko zote: kubwa, sawasawa, kijani cha kupendeza, haina tundu hata moja. Nimesaini zote nne. Saba nimeipa alama za juu, nikaandika "maua na asali."

Niambie nimepatia. Nakuomba uniambie nimepatia.

Mdogo wako

6 Aprili

Dada,

Natumaini wewe mzima. Mimi sijui nikuambie nini.

Barua yako ilifika tarehe pili. Saba ilikuwa imeshakaangwa, imefungwa, imeondoka. Mnunuzi amerudisha mzigo mzima, na watu walioufungua walitoka nje kukohoa. Meneja akafungua ripoti yangu, akaisoma mbele yetu: maua na asali. Akasema, "Pua amepitisha, na Pua hakosei. Basi zimeharibikia kwenye tanuri." Unajua mkaangaji huwasha moto kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Harufu aliisikia, akadhani ni ya kitambaa chake, maana Pua alikuwa ameshasaini. Wamesema ameyamwagia magunia. Leo asubuhi amesimamishwa. Kikao ni tarehe kumi na tano, na wameshasema watamfukuza.

Hakupiga kelele. Alivua aproni, akaikunja, akaniambia, "Pua, wewe unaijua kazi yangu. Utawaambia."

Barua yako ndiyo kitu pekee duniani kinachoonyesha zilinuka kabla hazijamfikia. Nikiitoa, yeye anarudi kazini, na mimi ni tapeli anayeonja kwa pua ya dada yake. Nikinyamaza, analea wajukuu wawili kwa mikono mitupu. Maji yamenifika shingoni. Nimepita kwake leo kumjulia hali, akanipa chai. Niliinywa.

Nishauri, Dada. Na vifurushi viwili nakutumia pamoja na barua hii, maana kazi haisubiri.

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Afya yako siulizi, naiona kwenye mwandiko.

Vifurushi vyako viwili hivyo nakurudishia, gundi haijafunguliwa. Nilikunusia kwa sababu ulikuwa unazama. Sasa anazama mwingine, na umesimama juu ya mabega yake, unaniomba ushauri.

Barua yangu iko mfukoni mwako. Kila neno niliandika mimi, na meneja wako akitaka nitakuja kulisema mbele yake, goti hili hili.

Chumba cha kushonea nimekiondolea vitambaa. Kitanda kipo.

Dada yako

16 Aprili

Dada yangu,

Salamu kutoka kwa mtu asiye na kazi. Mwili mzima.

Nilivaa lile shati jipya. Nikawaambia pua yangu imekufa, nikasoma barua yako kwa sauti mbele ya kikao, kuanzia mafua yako mpaka jagi lililosukumwa kwa hasira. Kuna mmoja alicheka. Meneja hakucheka. Akasema, "Unamlinda rafiki yako. Pua kama yako haiwezi kufa."

Akaagiza vikombe vitatu, kimoja cha kahawa namba saba. Akasema nichague kilicho kizuri. Unanijua, Dada. Hata hapo nilitaka kushinda. Nilivunja utando kwa ufundi wangu wote, nikavuta, fyuuu, cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikafumba macho kama ninavyofanya mbele ya wageni. Nikasema, "Cha kushoto. Hiki ndicho."

Nilipofumbua macho, karani wa kikao alikuwa ameziba pua kwa leso. Meneja alikuwa anaangalia meza. Nikajua nilichochagua.

Kijiko changu kimebaki kwao. Mkaangaji amerudishwa siku hiyo hiyo. Nilimngoja mlangoni, nikampa mkono. Aliupokea, akaushika muda mrefu, akasema, "Siku tisa. Kila siku ulipita kwangu kunijulia hali, na kila siku nilikupa chai." Halafu akaniachia, akaenda kuwasha tanuri. Nilisimama pale nikisikia buni zinaanza kupasuka.

Nafika Jumanne kwa basi la mchana. Ukiniona usinihurumie sana, nitazoea. Na ile kahawa yako nakuomba usiipike siku hiyo. Nipe maji. Maji hayana harufu kwa mtu yeyote, hapo nitakaa nawe mezani kama watu wengine.

Mdogo wako